Nyumba Kuukuu: Kasoro Ambazo Fundi Hakuziona

Mvua zinapokwisha na barabara kukauka, watu wengi wa Tabora huanza shughuli za nyumba. Yuko anayenunua, yuko anayepanga, na yuko anayerudi kukaa katika nyumba aliyoachiwa na wazazi. Katika kata ya Ng'ambo na sehemu nyingine za zamani za mji wetu, nyumba ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuimudu mara nyingi ni nyumba kuukuu: kuta za matofali mabichi au za miti na udongo, sakafu ya udongo au ya saruji iliyopasuka, na bati lililoanza kula kutu.

Mnunuzi mwangalifu hafanyi pupa. Humwita fundi mwashi, wakaizunguka nyumba pamoja. Fundi hugonga ukuta, hutazama kenchi na mabati, huangalia msingi, kisha hutoa maoni yake: "Nyumba ni nzima, piga lipu tu." Watu huenda ofisi ya serikali ya mtaa, huandikiana mbele ya mashahidi, fedha hutolewa na ufunguo hupokewa.

Hayo yote ni mema. Lakini fundi huyo alikuja saa nne asubuhi, wakati wa kiangazi, na kazi aliyopewa ilikuwa kutazama kama nyumba itasimama. Hakuna aliyemwuliza kama familia itakayolala humo itakuwa na afya. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika toleo hili tutaingia ndani pamoja, tuziangalie kasoro zinazoupita ukaguzi wa namna hiyo, tukianza na ile inayoweza kugharimu maisha ya mtoto.

MKAAJI ASIYEANDIKWA KATIKA HATI

Mkaaji huyo ni papasi. Papasi ni aina ya kupe, lakini si yule kupe wa ng'ombe au mbwa anayeng'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa. Papasi huishi ndani ya nyumba ya binadamu. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta, katika vumbi la sakafu, chini ya kitanda, nyuma ya jamvi na katika pembe za chumba. Usiku hutoka, humwuma mtu aliyelala, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Kulipokucha hayupo. Aliyeumwa huona alama ndogo mwilini, naye hudhani ni mbu au kunguni.

Papasi mkubwa hufikia ukubwa wa punje ya kunde. Hana mabawa wala haruki kama kiroboto, hutembea polepole. Rangi yake ni ya udongo, na ngozi yake ina mikunjo kama ngozi kavu. Akiguswa hujikunyata akatulia, hata ukamtazama ukadhani ni chembe ya udongo. Ndiyo maana fundi anaweza kupitisha mkono juu ya ufa wenye papasi kumi asimwone hata mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi anapaswa kulijua. Papasi anaweza kuishi miaka kadhaa bila kula. Watu wengi hufikiri kwamba nyumba iliyofungwa mwaka mzima imejisafisha yenyewe, wadudu wote wamekufa kwa njaa. Kwa kunguni na viroboto muda huo unaweza kusaidia. Kwa papasi hausaidii. Hukaa katika ufa wake akisubiri, na usiku ule wa kwanza mnapotandika magodoro sakafuni kwa kuwa vitanda bado havijafika, hutoka akiwa na njaa ya mwaka mzima.

HOMA INAYOKWENDA NA KURUDI

Papasi wengine hubeba vijidudu vya homa ya papasi. Vijidudu hivyo ni virefu na vimejisokota kama uzi wa parafujo. Mtu akiisha kuumwa na papasi mwenye vijidudu, kwa kawaida huugua baada ya wiki moja hivi, ingawa muda huo unaweza kuwa mfupi au mrefu zaidi.

Homa huanza ghafla. Mgonjwa hutetemeka, kichwa humwuma sana, maungo na mgongo huuma, na pengine hutapika. Baada ya siku chache homa hushuka kwa jasho jingi na mgonjwa hujiona amepona. Anarudi shambani au sokoni. Baada ya wiki moja hivi homa hurudi. Inaweza kwenda na kurudi mara kadhaa, na kila mara mwili huzidi kudhoofika.

Kwa kuwa dalili zake zinafanana na za malaria, watu wengi hunywa dawa ya malaria. Homa inaposhuka yenyewe, wao husema dawa imefanya kazi. Inaporudi husema malaria imekuwa sugu. Siku hizi zahanati zetu hutumia kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu na kijikaratasi. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kinatafuta malaria peke yake; vijidudu vya homa ya papasi hakivioni. Huonekana damu inapopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini, hasa wakati mgonjwa ana homa kali.

Wenye hatari kubwa ni watoto wadogo na akina mama wajawazito. Mama mjamzito huugua vikali zaidi, na vijidudu vinaweza kumfikia mtoto tumboni. Utafiti kuhusu wajawazito wa vijijini nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba karibu nusu ya mimba za wanawake waliougua homa hii zilipotea, ama kwa kuharibika, ama kwa mtoto kufa kabla au mara baada ya kuzaliwa. Ndugu wasomaji, nyufa za ukuta si suala la uzuri wa nyumba tu.

NJIA YA MISAFARA

Watu wa Tabora tuna sababu ya pekee ya kumjua mdudu huyu. Mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, wapagazi walipita Unyanyembe wakienda na kurudi kati ya pwani na Ujiji, na wengine walivuka ziwa hadi Manyema. Usiku walilala kwenye vibanda vile vile walimolala wenzao wa jana na juzi. Papasi walipata chakula kila usiku, nao walisafirishwa katika mikeka na mizigo kutoka kambi hadi kambi.

Mmisionari na msafiri David Livingstone, ambaye mwaka 1872 alikaa katika tembe la Kwihara karibu na mji wetu, alikuwa ameandika habari za kupe wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1857, baada ya kuumwa huko Angola. Lakini siku zile hakuna aliyejua hakika kupe huyo huleta nini. Jibu lilipatikana miaka ya 1904 na 1905. Madaktari wawili kutoka Liverpool, Joseph Dutton na John Todd, walifanya uchunguzi huko Kongo wakathibitisha kwamba papasi ndiye anayeeneza homa hiyo. Wote wawili waliambukizwa, na Dutton alifariki Kasongo mwezi Februari 1905. Kijidudu hicho kilipewa jina lake. Mwaka huo huo Robert Koch, daktari Mjerumani, alichunguza papasi katika nchi yetu, akawakuta kwa wingi kwenye njia za misafara. Aligundua pia kwamba papasi huwarithisha watoto wake vijidudu kupitia mayai. Kwa maneno mengine, papasi anaweza kuzaliwa akiwa tayari na ugonjwa.

Misafara imekwisha, na homa ya papasi imepungua sana kadiri watu walivyojenga nyumba za matofali ya kuchoma, sakafu za saruji na kuta zenye lipu. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini ugonjwa unapokuwa wa nadra husahaulika, na kinachosahaulika hakiulizwi, hospitalini wala kwenye kununua nyumba.

MWENYE NYUMBA HAKUDANGANYA

Tuchukue mfano. Familia yenye watoto watatu inanunua nyumba kuukuu. Wanamwuliza mzee mwenye nyumba kama kuna ugonjwa humo. Anajibu, "Wanangu, mimi nimekaa hapa miaka 30, sijaona taabu." Wanahamia. Kabla mwezi haujaisha, mama na watoto wawili wana homa isiyokwisha.

Hapo maneno huanza. Wengine husema nyumba ina mkosi. Wengine husema mzee ameacha kitu ndani. Wengine humtazama jirani kwa jicho baya. Familia hutumia fedha kwa waganga badala ya kumpeleka mtoto hospitali, na uhasama unaoanzia hapo unaweza kudumu miaka.

Kumbe ukweli ni rahisi. Mtu aliyekaa muda mrefu na papasi na kuugua mara kwa mara tangu utotoni huweza kupata kinga kiasi, hata asiugue vikali tena. Mgeni hana kinga hiyo. Mzee alisema kweli kwa upande wake. Nyumba haikumwuma yeye kama inavyowauma wageni. Kwa hiyo, swali la kuuliza si "Je, wewe unaugua?" Uliza: "Wageni wakilala hapa, huwa wanaumwa na nini? Wapangaji waliopita walihama kwa nini? Je, watoto waliozaliwa hapa walikua salama?" Waulize na majirani, kwa heshima, bila kumshutumu mtu.

JINSI YA KUMTAFUTA PAPASI

Kabla ya kulipa, au kabla ya kulala usiku wa kwanza, fanya hivi:

1. Chukua kijiko cha zamani, au kijiti, na sahani nyeupe au kitambaa cheupe.

2. Chokonoa vumbi kutoka kwenye nyufa za ukuta karibu na sakafu, kwenye pembe za vyumba, mahali kitanda kilipokuwa, na kando ya mafiga ikiwa kulipikwa ndani.

3. Mwaga vumbi hilo kwenye sahani, ulieneze liwe jembamba, uliweke juani. Subiri kwa utulivu. Joto likizidi, papasi huanza kutembea, na ndipo utamtambua.

4. Usimponde kwa vidole, kwa sababu majimaji ya mwili wake yanaweza kuwa na vijidudu. Mmwagie maji yanayochemka au mtie motoni. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Usipomwona siku ya kwanza, rudia katika vyumba vingine. Kutomwona mara moja si uthibitisho kwamba hayupo.

NIFANYE NINI KAMA WAPO?

Usiikimbie nyumba kwa hofu, wala usikate tamaa na fedha zako. Nyumba yenye papasi inaweza kutengenezwa.

Kwanza, ziba nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa utajenga pia jeneza. Kuta zipigwe lipu tangu chini hadi juu, ndani ya vyumba vyote vya kulala. Sakafu ya udongo ishindiliwe, kisha iwekwe saruji. Kama fedha hazitoshi kwa nyumba nzima, anza na chumba anacholala mama mjamzito na watoto.

Pili, lala kitandani, si sakafuni, na kitanda kiwe mbali na ukuta. Chandarua kilichotiwa dawa na kuchomekwa chini ya godoro kitakukinga na mbu, na kitamzuia papasi asipande. Shuka zisiburuzike chini. Kuku na wanyama wengine wasilale katika chumba cha watu.

Tatu, kuhusu dawa ya kuua wadudu, mwone afisa afya wa kata akushauri dawa inayoruhusiwa kutumika ndani ya nyumba na namna ya kuipuliza. Mkoa wetu unalima tumbaku na pamba, na dawa za mashambani zinapatikana kwa urahisi. Tunawasihi sana: msizipulize vyumbani, wala msinunue unga usio na jina katika mifuko ya plastiki. Dawa ya shambani inaweza kumwua mtoto hata kabla ya papasi.

Nne, mtu akipata homa baada ya kuhamia au kulala katika nyumba kuukuu, aende kituo cha afya mapema, apimwe malaria kama kawaida, na amwambie mganga: "Tumehamia nyumba ya zamani, na homa hii inakwenda na kurudi." Maneno hayo machache yanaweza kumfanya apeleke damu kwenye darubini. Mama mjamzito aseme wazi kwamba ni mjamzito.

Homa ya papasi inatibika kwa dawa zinazopatikana katika hospitali zetu. Lakini usinywe nyumbani vidonge vilivyobaki kabatini. Saa chache baada ya dawa ya kwanza, vijidudu vinapokufa kwa wingi, mgonjwa anaweza kutetemeka sana, homa ikapanda na shinikizo la damu likashuka. Hali hiyo inahitaji uangalizi wa watu wa tiba.

KASORO NYINGINE ZA AFYA

Paa. Nyumba inayokaguliwa Julai haivuji. Mvua za Tabora huanza Novemba, nazo huendelea hadi Aprili. Tafuta mabaka ya kahawia kwenye dari na michirizi ukutani. Ingia ndani mchana, funga madirisha na milango, utazame juu: palipo na mwanga pana tundu. Unyevu na ukungu wa ukutani huwasumbua sana watoto wenye pumu. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu ikutie mashaka. Uliza imefunika nini.

Vigae vya asbestosi. Baadhi ya majengo ya zamani yaliezekwa kwa mabamba ya kijivu yenye asbestosi. Vumbi lake, likivutwa kwa pumzi, linaweza kuleta kansa baada ya miaka mingi. Bamba zima lililotulia lisiguswe. Usilikate, usilitoboe, usilisugue, wala usiwape watoto vipande vyake kuchezea. Kuliondoa ni kazi ya watu wenye ujuzi na vifaa.

Choo na kisima. Uliza choo cha sasa kilichimbwa lini, na vile vya zamani viko wapi. Kiwanja kilichokaliwa miaka 50 kinaweza kuwa na mashimo matatu au manne yaliyofukiwa. Ukijenga chumba juu ya shimo la namna hiyo, ardhi inaweza kudidimia. Kama kuna kisima, kipimwe umbali: choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Angalia na choo cha jirani pia, maana maji ya ardhini hayajui mpaka wa kiwanja.

Mchwa. Gonga mbao za kenchi, fremu za milango na madirisha. Mbao inayotoa sauti tupu imeliwa ndani. Fuata vichuguu vyembamba vya udongo ukutani. Hivyo ni njia za mchwa. Paa lililoliwa huanguka siku ya upepo, na mara nyingi ni usiku.

Umeme. Nyaya za zamani zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi, swichi zenye joto na soketi nyeusi ni hatari ya moto. Fundi mwashi si fundi umeme. Mlipe mwenye leseni akague kabla ya kuwasha pasi.

Popo. Harufu kali darini na kinyesi cheusi kama cha panya ni dalili zao. Usifagie kinyesi hicho kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake laweza kuudhuru mapafu. Kilowanishe maji kwanza, na ufunge kitambaa puani na mdomoni.

KABLA YA KUTIA SAINI

Ndugu wasomaji, hatusemi nyumba za zamani ni mbaya. Nyingi zina kuta nene zenye ubaridi wa kupendeza wakati wa jua kali la Oktoba, miembe yenye kivuli, na majirani wanaojuana kwa vizazi. Tunasema zikaguliwe kwa macho ya mama anayelea, pamoja na macho ya fundi.

Ikiwezekana, tembelea nyumba mara tatu: mchana, usiku na siku ya mvua. Mchukue mke au mume wako, kwa kuwa anayepika na kulala na watoto huona mambo ambayo mwingine hayaoni. Ukiona kasoro, ziandike na mpatane nani atazitengeneza na lini, kabla ya kutoa kodi ya miezi sita au fedha za kununulia. Kama wewe ndiwe mwenye nyumba, ziba nyufa kabla ya kumkaribisha mpangaji. Anayekuja ana watoto kama ulivyo nao wewe.

Mfuko mmoja wa saruji hauwezi kumaliza nyumba nzima. Lakini unatosha kuanza kuziba pembe za chumba kimoja, kile atakacholala mama mwenye mimba usiku wa leo.